Kituo cha hali ya hewa: draiva yangu inajifunza kulala na kuamka

Jumamosi

Kituo kiko juu ya paa hapa nyumbani Tanga, kinaendeshwa na betri na paneli ndogo ya sola. Mchana hakina shida. Usiku bodi (kompyuta ndogo ya kituo) inakesha bure, kwa kuwa kumbukumbu za joto, unyevu na mgandamizo wa hewa zinahifadhiwa kila baada ya dakika kumi tu, na alfajiri nakuta betri imekwisha. Kwa hiyo nataka bodi nzima ilale, iamke kila dakika kumi, ipime kwa sekunde ishirini, kisha ilale tena.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux (natumia 6.6), inajua kulaza mashine tangu zamani. Isiyojua ni draiva (programu ya kuendesha kifaa) niliyoiandika mwenyewe ya BME280, kihisi cha joto, unyevu na mgandamizo. Ndani ya kerneli ipo tayari draiva nzuri ya kihisi hiki, inaitwa bmp280, na mtu mwenye haraka aitumie hiyo. Mimi nataka kuielewa kila hatua kwa mkono wangu.

Chenyewe BME280 hakili umeme wa maana; kikipima mara moja kwa sekunde kinatumia takriban mikroampia 3.6. Lakini regyuleta (kifaa kinachodhibiti umeme) inayokilisha inalisha pia kipima upepo, na hicho ndicho mlaji. Nimeandika kwenye device tree (faili inayoieleza kerneli vifaa vilivyo kwenye bodi) kwamba regyuleta hiyo izimwe mashine ikilala: `regulator-off-in-suspend`. Maana yake kihisi kikiamka kimesahau kila nilichokiambia.

Nimejaribu kwanza bila kugusa draiva, nione kinachotokea. Bodi imelala, imeamka, na joto linasoma nyuzi 22.4. Saa nane mchana, mabati yanachoma, nyuzi 22.4! Kipimo cha pili 22.4, cha kumi 22.4. Hapo nimekaa kidogo, maana namba yenyewe inaonekana ya kweli kabisa. Mtu aliyeko mji wenye baridi asingeshtuka. Nimechapisha thamani ghafi kabla ya hesabu: 0x80000 (0x huonyesha namba ya msingi wa 16). Hiyo ndiyo thamani ambayo rejista (vyumba vya namba ndani ya kihisi) za joto na mgandamizo zinaanza nayo umeme unapoingia, kabla kihisi hakijapima chochote. Ukiipitisha kwenye kanuni ya urekebishaji, inakupa joto la sebuleni. Nimeongeza ukaguzi siku hiyohiyo: 0x80000 ikija, draiva inakataa kutoa jibu.

Jumapili

Upande wa kulala. Draiva yangu ina kazi inayojirudia kila sekunde kusoma kihisi, kwa `delayed_work`. Nilidhani kerneli ikigandisha programu, na kazi hiyo itaganda. Haigandi, labda uiweke kwenye foleni iliyotengenezwa igandishwe. Kwenye dmesg (daftari la ujumbe wa kerneli) nimekuta `Transfer while suspended` pamoja na orodha ndefu ya hatua zilizofikisha kosa hapo: kazi yangu imeamka na kubisha hodi kwenye basi la I2C (njia ya mawasiliano kati ya bodi na kihisi) ambalo limeshafunga mlango.

Dawa ni mstari mmoja ndani ya suspend (sehemu ya draiva inayoitwa mashine ikilala), `cancel_delayed_work_sync()`. Hiyo `_sync` ndiyo muhimu, kwa sababu inasubiri kazi iliyokwisha kuanza imalize. Kerneli inalaza watoto kabla ya wazazi, hivyo zamu ya kihisi inakuja basi la I2C likiwa bado macho, na kazi iliyo katikati inapata nafasi ya kumaliza salama. Kisha narudisha 0. Nimeacha kurudisha kosa hapo kwa makusudi: draiva moja ikirudisha kosa kwenye suspend, mashine nzima inaghairi kulala. Kihisi cha joto hakistahili mamlaka hayo.

Majaribio nafanya kwa `pm_test`. Ukiandika `devices` kwenye `/sys/power/pm_test`, kisha `mem` kwenye `/sys/power/state`, kerneli inalaza vifaa, inasubiri sekunde tano, inaviamsha, bila kuzima kichakataji. Ila jaribio hilo halikati umeme wa regyuleta, kwa hiyo kila kitu kilionekana safi. Usingizi wa kweli ndio ulionionyesha kazi iliyobaki.

Jumanne usiku

Kuamka kumenichukua jioni mbili. Rejista za kurejesha ni tatu tu: 0xF2 ya unyevu, 0xF4 ya joto, mgandamizo na hali ya kupima, 0xF5 ya kichujio na muda wa kupumzika. Namba za urekebishaji wa kiwandani sizisomi upya, zimo kwenye kumbukumbu ya draiva tangu probe (hatua ya draiva kukianzisha kihisi).

Toleo la kwanza liliandika 0xF5, 0xF4, halafu 0xF2. Joto sawa, mgandamizo sawa, unyevu umeganda kwenye 0x8000. Nikarudi kwenye karatasi ya maelezo ya Bosch: ulichoandika 0xF2 hakianzi kufanya kazi mpaka uandike 0xF4 baada yake.

Nikasema basi, niiachie regmap (zana ya kerneli ya kusoma na kuandika rejista) irejeshe kwa `regcache_sync()`. Inaandika kwa mpangilio wa anwani, 0xF2, 0xF4, 0xF5, na unyevu ukarudi. Nilikuwa karibu kulala mwenyewe nilipoona mstari wa mgandamizo kwenye grafu unatetema kuliko kawaida. Nikasoma 0xF5: 0x00. Kihisi kikishaingia hali ya kupima mfululizo, ambayo inawashwa na 0xF4, kinaweza kupuuza maandishi ya 0xF5. Kichujio hakikuwashwa, na hakuna kosa lolote lililoripotiwa popote.

Sasa naandika kwa mkono:

```
regmap_write(k->ramani, 0xF2, 0x01);
regmap_write(k->ramani, 0xF5, 0xB0);
regmap_write(k->ramani, 0xF4, 0x27);
```

Kabla ya mistari hiyo nasubiri milisekunde 2, muda wa kihisi kuamka baada ya kupata umeme, kisha nasoma 0xD0, rejista ya kitambulisho cha kihisi, kuhakikisha inajibu 0x60. Baada yake kazi ya kusoma inapangwa milisekunde 50 mbele, kwa sababu kipimo cha kwanza kwa mpangilio wangu kinaweza kuchukua hadi milisekunde 9.3, na kabla ya hapo utapata ile 0x80000. Zote mbili, suspend na resume (ya kuamka), zimefungwa kwa `DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS` na kuunganishwa kwa `pm_sleep_ptr`.

Alhamisi asubuhi

Jana usiku nimeacha `rtcwake -m mem -s 20` (amri ya kulaza bodi na kuiamsha baada ya sekunde 20) ikijirudia mara 200, na kila ikiamka inasoma rejista tatu na kuziandika kwenye faili. Mistari 200, yote `01 27 b0`. Leo jioni napandisha bodi paani na betri iliyojaa.