Alamisho za pamoja na makala za Kiswahili

Kila mwenye blogu ya Kiswahili anajua wasomaji wake wa kwanza watatoka wapi: makundi ya WhatsApp, ukurasa wa Facebook, na ndugu na marafiki wanaobofya kwa hisani. Wasomaji hao ni wa thamani, lakini huja siku ya kwanza na ya pili, kisha makala huzama, kwa sababu ndani ya kundi la WhatsApp ujumbe wa juzi umekwisha kufunikwa na salamu, picha na matangazo ya harusi. Ndiyo maana bado natumia tovuti za alamisho za pamoja, yaani zile ambazo mtu huhifadhi hadharani kiungo cha ukurasa uliomfaa, akauwekea lebo na maelezo mafupi, ili yeye aupate tena siku nyingine na wengine waupate kupitia kwake. Nimewaona waandishi wengi wakizijaribu na kuziacha, na kwa maoni yangu wanashindwa kwa sababu moja: tovuti hizi ziliundwa kwa ajili ya wasomaji, ilhali wao wanaingia kama wenye mali.

Asili yake inalithibitisha hilo. Delicious, ambayo Joshua Schachter aliianzisha mwaka 2003 na Yahoo ikainunua mwaka 2005, ilikuwa kwanza kabati la mtu binafsi: unahifadhi viungo vyako, unavipa lebo unazozielewa mwenyewe, na faida kwa umma inapatikana baadaye, pale watu wengi wanapokuwa wamehifadhi ukurasa uleule bila kuambiana. Nguvu ya alamisho ilitokana na kwamba aliyeihifadhi hakuwa na maslahi na ukurasa ule.

Digg nayo ilitufundisha kinachotokea uaminifu huo unapovunjwa. Tovuti hiyo, ambako wasomaji walipeleka viungo na kuvipigia kura, ilianza mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa kura za wasomaji wake ziliweza kupeleka umati mkubwa kwenye blogu ndogo kiasi cha kuiangusha seva yake. Agosti 2010 ikazindua toleo la nne, lililowaruhusu wachapishaji kuingiza makala zao moja kwa moja kwa mlisho wa RSS, unaotuma kila makala mpya wenyewe, bila msomaji yeyote kuzichagua, na wakati huohuo kitufe cha kuzika habari zisizofaa kikaondolewa. Ukurasa wa mbele ukatawaliwa na vyombo vikubwa. Watumiaji wakajibu kwa kuujaza viungo vya Reddit, tovuti shindani ya aina hiyohiyo, kisha wengi wao wakahamia hukohuko, na mwaka 2012 Digg ikauzwa kwa kampuni ya Betaworks. Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huu wa gharama ya kuwaachia wenye makala wajitangaze kwa mashine.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu makala zako hata kidogo. Fungua akaunti, kaa nayo, hifadhi kazi za wengine unazozisoma kweli, pigia kura zinazostahili, jibu maswali. Kwa miaka mingi mwongozo wa Reddit uliwashauri watumiaji kwamba katika kila viungo kumi wanavyopeleka, cha kwao kisizidi kimoja, na ingawa kila jumuiya sasa ina kanuni zake, kipimo hicho bado ni kizuri. Hacker News, tovuti ya viungo ya watu wa teknolojia, inasema waziwazi kwamba haitaki mtu aitumie hasa kwa kujitangaza. Akaunti iliyofunguliwa asubuhi na kupeleka viungo vitano vya blogu moja kabla ya adhuhuri ni kama mtu aliyefika barazani akatandaza bidhaa kabla ya kusalimu. Mara nyingi hata hafukuzwi. Programu za usimamizi humficha tu, naye akaendelea kupeleka viungo ambavyo hakuna anayeviona. Viungo vilivyofupishwa pia huchujwa, kwa hiyo weka anwani kamili. Na lile wazo linalomjia kila mtu, la kuliomba kundi la WhatsApp likapige kura kwa pamoja, liache: kura zinazomiminika ghafla kwa kiungo kimoja ndicho kitu ambacho mifumo hiyo imefundishwa kukitafuta, na kanuni za Reddit zinakataza kabisa kuchezea kura.

Ukishakuwa mwenyeji, kazi inayobaki ni kichwa na maelezo, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Chukulia makala inayofafanua risiti ya Luku, yaani umeme wa kulipia kabla wa Tanesco, shirika la umeme la Tanzania. Kichwa cha “Mambo usiyoyajua kuhusu umeme” kinaweza kufaa Facebook, lakini kwenye alamisho hakimsaidii mtu, kwa sababu anayekipitia hajui atapata nini na anayetafuta miezi sita baadaye hatatafuta kwa maneno hayo. Ningeandika hivi: “Kwa nini ununuzi wa kwanza wa Luku kila mwezi huleta uniti chache.” Chini yake maelezo ya sentensi mbili: makala inapitia makato ya risiti, yaani VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, kisha inaeleza kodi ya majengo iliyoanza kukatwa kwa njia ya Luku mwaka 2021. Mwenye haraka amekwisha kupata jibu hata kabla ya kubofya. Kuna wanaoona hiyo ni hasara. Mimi naona kwamba anayebofya baada ya maelezo hayo amekuja kusoma, na huyo ndiye atakayeihifadhi makala kwa ajili ya mwingine.

Lebo nazo zichague kutoka miongoni mwa zile ambazo watu wanazitumia tayari. “Luku”, “Tanesco” na “umeme” zinatosha. “Maisha” na “elimu” ni pana mno kumfikisha mtu popote.

Suala la lugha ni gumu zaidi. Kwenye Reddit, jumuiya za Kenya na Tanzania huandika kwa Kiingereza kwa kiasi kikubwa, na kiungo cha Kiswahili hupita kimyakimya hata kikiwa kizuri, isipokuwa ukikisindikiza kwa maelezo machache ya Kiingereza. Ipo pia jumuiya ya Kiswahili ambayo wengi wake ni wanaojifunza lugha. Waandishi wenzangu huidharau, jambo linalonishangaza, maana mwanafunzi wa lugha anayetafuta habari fupi, yenye sentensi safi na mada ya maisha ya kila siku, huisoma kwa makini kuliko jirani yako, na hurudi kuuliza maana ya sentensi ya tatu. Kwa mapishi na mitindo nenda Pinterest, tovuti ya kuhifadhi picha, ambako picha ya wima iliyo wazi hubeba mzigo wote.

Jambo moja lisikudanganye. Bado zinauzwa orodha ndefu za “tovuti za alamisho” kwa ahadi kwamba ukipeleka kiungo kwenye zote utapanda Google. Tangu mwaka 2005 ipo alama ya nofollow, iliyoanzishwa ili viungo vinavyowekwa na watumiaji visihesabiwe kama kura za kupandisha ukurasa, na tovuti kubwa za aina hii huitumia. Nyingi katika orodha hizo hazina msomaji hata mmoja.

Tena tovuti hizi hufa. StumbleUpon, iliyowahi kununuliwa na eBay mwaka 2007 kwa dola milioni 75, ilifungwa mwaka 2018. Delicious ilinunuliwa na Pinboard, tovuti nyingine ya alamisho, mwaka 2017 ikabaki ya kusomwa tu. Pocket, ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, ilifungwa na Mozilla Julai 2025. Kwa sababu hiyo kila kichwa na kila maelezo ninayoyapeleka huko nayaandika kwanza kwenye faili langu, pamoja na tarehe na mahali nilipoyapeleka, na viungo vya wengine nilivyohifadhi navipakua mara kwa mara kama faili la HTML, ambalo kivinjari chochote hulifungua. Faili hilo limekuwa pia ukurasa wa kudumu kwenye blogu yangu, wa makala za wenzangu wanaoandika kwa Kiswahili, na baadhi yao wameanza kuweka kurasa kama hizo kwenye blogu zao.