Nyaya pea mbili kwa kila spika

Wapenzi wa muziki wa Mbeya, kuna wanaosema ukivuta waya pea mbili kwa kila spika badala ya moja, sauti inakuwa nzuri zaidi; nimelijaribu hilo sebuleni kwangu Uyole. Spika zangu zina sehemu nne za kufungia waya nyuma, mbili za besi, mbili za tuita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba), zimeunganishwa kwa vibati. Nikavitoa, nikavuta waya wa pili. Mdogo wangu akawa anabadilisha, mara pea moja mara mbili, huku nimempa mgongo, kwaya ileile, sauti kiwango kilekile. Sikusikia tofauti yoyote.

Sababu ipo. Nyaya zote zinakutana palepale kwenye amplifaya, umeme ni uleule. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, ukivutwa mita 5, kwenda na kurudi ukinzani wake haufiki omu 0.1. Spika ni omu 8, kwa hiyo waya hauzuii kitu cha maana!

Kilichobadilisha mambo ni kuzitoa spika kwenye kona. Besi iliacha kuvuma, gitaa la solo likajitenga, hadi vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi unavisikia. Vigae vya sakafuni navyo vinarudisha sauti vibaya mno. Hela ya waya nunueni zulia, na kwa baridi yetu hii ya Juni mtalifurahia mara mbili. Mwenye spika za aina hiyo aje Jumapili tusikilize.