Baba Naye Ana Arobaini

Assalamu alaykum warahmatullah.

Sahaba Abu Qatada amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu huku amembeba Umama, mtoto wa bintiye Zainab. Akisujudu humweka chini, akiinuka humbeba tena. Imamu mbele ya maamuma, na mtoto mkononi!

Kwetu Mombasa, katika siku arobaini baada ya kujifungua, chumba cha mzazi huwa cha kina bibi na mashangazi. Baba huadhini sikioni, hushughulikia akika siku ya saba, kisha hurudi ukumbini. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imemwekea baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Basi wengi huishia hapo, na baba huletewa mtoto aliyelala fofofo. Mtoto aliyelala hamjui mtu.

Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu. Baba anayechungulia mlangoni, kwa mtoto ni kivuli. Masikio lakini yalishaanza kusikia tumboni, kwa hiyo msogelee, useme naye.

Njia nyepesi ni kifua kwa kifua. Oga kwanza ukitoka kazini, hasa ukivuta sigara. Vua shati, mvue mtoto abaki na winda, mlaze wima kifuani, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia upande, pua wazi, kidevu kisiinamie kifuani. Mfunike mgongo kwa leso moja; joto letu halitaki blanketi. Kaa naye kama saa nzima, simu iwe mbali. Ukisinzia mrudishe kitandani kwake, kwani kulala naye kwenye kochi ni hatari: huteleza akakosa pumzi.

Hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Hapo hamna la kumsaidia mama? Lipo: kila akimaliza kunyonya mchukue, mpapase mgongo hadi abeue, mbadilishe winda. Wiki ya kwanza mikono hutetemeka, na bibi hunyakua mtoto kwa huruma. Bibi, tafadhali, mwacheni ajifunze.

Karibu na wiki ya 6 kilio huzidi kuliko wakati wowote, hasa magharibi, na ndipo wababa wengi hukata tamaa wakidhani mtoto hawataki. Tembea naye, msomee kwa sauti ya chini. Ikiwa ana njaa, mpeleke kwa mama. Akiwa na homa au akikataa kunyonya, huyo si wa kubembelezwa, ni wa hospitali usiku huohuo.