Bibi shamba na simu inayosoma majani

Vijana wa kilimo wanaokuja kwangu kufanya mafunzo kwa vitendo huniuliza: tukimaliza chuo, kazi ya ugani itakuwepo au simu itakuwa imeshaichukua? Mimi nawajibu kwa muhogo, maana ndio ninaoujua.

Iko programu iitwayo Nuru, ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakutajia ugonjwa kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti. Wenzangu kadhaa waliposikia walinuna. Mimi nikataka kujua imefundishwaje. Kumbe ilionyeshwa picha nyingi za majani, zikiwemo zilizopigwa hapa Tanzania, baada ya wataalamu kuzitia jina la ugonjwa. Kuisoma mizizi haijafundishwa. Pingili za kupanda zilitoka kwa jirani gani, hilo nalo hailijui.

Ugonjwa wa batobato ni rahisi: majani machanga yanajikunja na kuwa na mabaka ya njano, hata mtoto anaiona. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndio jeuri. Mtafiti Storey aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, hapa hapa Muheza, na bado unatutesa. Dalili zake hujitokeza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, ambayo hata yakizeeka tu hugeuka njano. Pengine jani halina kitu na muhogo umeshaharibika ardhini.

Mzee mmoja aliniambia, "Bibi shamba, simu imesema mzima." Na haikukosea, jani lilikuwa safi kweli. Nikamwomba jembe. Tuling'oa shina moja, nikaukata muhogo vipande: nyama ina mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Akauliza kabla sijasema neno: "Sasa mbegu nikachukue wapi?"

Swali hilo ndilo linalonipa kazi. Batobato wakulima wanajipimia wenyewe, mimi nashinda nikifuatilia pingili safi na nani kamuuzia nani. Kozi za kuiamuru akili mnemba sizidharau, ila programu za leo mwakani zitakuwa zimebadilika. Anayejua mashine ilifunzwa kwa data gani hahitaji kuanza upya kila mara.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wanapima kwanza kwa simu, kisha wanang'oa, na majibu yote mawili yanaingia daftari moja. Wanaolalamika ni wenye mashamba, na wana haki. Kila shina tunalong'oa tunalilipia.