Picha 36 za Bamvua

Mwaka 2003 fedha yangu ilitosha filamu moja tu, ya picha 36, na filamu hiyo ndiyo iliyonipangia kazi. Picha moja kila robo saa, tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa na robo mchana, pwani ya Jambiani, Unguja, siku ya bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu.

Nilikuwa nimesoma habari za mpiga picha Eadweard Muybridge, aliyepanga kamera 12 kule California mwaka 1878, zikawa zinajifyatua moja moja farasi akipita mbio, ili ijulikane kama kuna nukta ambayo kwato zote nne haziko ardhini. (Ipo.) Mimi farasi sikuwa naye. Nilikuwa na bahari, ambayo siku za bamvua hushuka karibu mita 4, ikaondoka hadi ukabaki na mchanga mtupu na povu la mbali kwenye miamba.

Kipimo changu kilikuwa ngalawa iliyotia nanga mbele yangu. Maji yakikupwa, picha zitaionyesha ikishuka, yakijaa, ikipanda. Nikasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikaifukia mchangani ili isitikisike.

Karibu saa tatu kasoro wakateremka wanawake wanaolima mwani. Bibi mmoja akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wapiga nini hapo tangu alfajiri?"

"Maji yanavyokupwa. Nayapimia ile ngalawa."

Akaitazama, akacheka. "Ngalawa ina mwenyewe, mwanangu." Akashuka na gunia lake hadi kwenye vijiti vyake vya mwani.

Saa saba, maji yamesharudi na ngalawa inaelea, mwenyewe akaja, akang'oa nanga, akatweka tanga. Nilikuwa nimebakiwa na picha kumi. Nikazipiga hivyo hivyo, bahari na pahala palipokuwa na ngalawa.

Zilipotoka kusafishwa nilizitandaza sakafuni, sita kwa sita. Jambiani hutazama mashariki, kwa hiyo za mwanzo zilikuwa giza tupu dhidi ya jua, na ngalawa haikushuka wala kupanda hata kidogo: ilizunguka nanga yake, ikalala upande, ikazunguka tena. Nusura nizitie kwenye bahasha. Ndipo nikaona pembeni, kati ya vijiti, doa la kanga jekundu. Lilianza picha ya kumi, likaishia ya ishirini. Gunia lililo kando yake likinenepa, maji yakimtoka magotini hadi vifundoni, kisha yakimrudia magotini.

Nikampelekea yule bibi zile kumi na moja. Alizipanga mkekani, akazipitia kwa kidole, moja baada ya moja.

"Hapa nimeinama. Hapa nimeinama. Na hapa tena." Akafika ya mwisho, akanitazama. "Ungeniambia, mwanangu, ningejinyoosha kidogo."