Tulivyoendesha kikundi cha vijana Kisauni wakati wa korona

Shule za Kenya zilitangazwa kufungwa tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini kutangazwa. Kikundi chetu kiko Kisauni, Mombasa. Tunawakusanya vijana wa miaka 12 hadi 17 baada ya masomo na wakati wa likizo kwa ajili ya mpira, kusoma na mazungumzo ya stadi za maisha. Ukumbi tuliokuwa tukiutumia ni wa shule ya msingi, kwa hiyo ulifungwa na shule. Ruzuku ndogo tuliyokuwa nayo ilikuwa ya nauli za mashindano, chakula cha mchana na jezi. Pesa zilikuwa benki, na hapakuwa na kifungu hata kimoja cha bajeti ambacho tungeweza kukitumia kihalali.

Wenye vikundi wenzangu huniuliza mpaka leo tulipata wapi pesa za kuendelea. Ukweli ni kwamba tulianza na mafunzo, na mafunzo ndiyo yaliyotufungulia pesa. Mwaka ule kila mfadhili alikuwa anauliza swali moja: hawa vijana ambao hamruhusiwi kuwakusanya, mtawafikiaje, na mtahakikishaje hawadhuriki? Aliyeweza kulijibu swali hilo kwa maandishi alisikilizwa.

Kabla ya kutafuta pesa mpya tulimwandikia mfadhili tuliyekuwa naye. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja. Upande wa kushoto tuliweka bajeti kama ilivyosainiwa, upande wa kulia tukaweka ile tunayoiomba, na jumla ya chini ikabaki ileile. Nauli iligeuka kredo na bando, chakula kikageuka sabuni na barakoa, jezi zikageuka karatasi za mazoezi za kuchapishwa. Tuliongeza sentensi moja ya heshima kuhusu ahadi iliyoratibiwa na Council on Foundations, muungano wa mashirika yanayotoa ruzuku huko Marekani, mwezi huohuo wa Machi, ambapo mamia ya mashirika yanayotoa ruzuku yalikubali kulegeza masharti kwa wanaowafadhili. Hatukuigusa hata shilingi kabla ya kupata jibu la maandishi. Jibu lilikuja, na lilikuwa ndiyo.

Mafunzo yenyewe mengi yalikuwa ya bure. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na jukwaa lake la OpenWHO, lenye kozi fupi za kujikinga na maambukizi ambazo mtu aliweza kuzifuata kwa simu na kupata cheti mwishoni. Kituo cha msaada wa kisaikolojia cha Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu kilichoko Copenhagen kilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa njia ya simu. Tuliusoma pamoja kipande kwa kipande, mmoja anasoma na kueleza kwa sauti ya WhatsApp, wengine wanasikiliza wakipata bando. Wale wa kujitolea wenye kabambe, yaani simu za kawaida zisizo na WhatsApp, tuliwapigia na kuwasimulia. Ilichukua muda, na ningeifanya vivyo hivyo tena, maana aliyesimuliwa na mwenzake alielewa vizuri kuliko aliyeangalia slaidi peke yake.

Nataka nikae kidogo kwenye somo la kupiga simu, kwa sababu ndilo lililobadilisha kazi yetu. Ukimpigia msichana wa miaka 14 nyumbani kwao, hujui nani amekaa kando yake. Ukimuuliza "kuna mtu anakusumbua?" umemtia hatarini papo hapo. Tulijizoeza kuuliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au la tu, na tulipatana na vijana kwamba akitaja mpira wa Jumamosi, maana yake hawezi kuongea sasa, apigiwe tena. Tulifanya mazoezi sisi kwa sisi, mmoja anakuwa mtoto, mwingine mpigaji, wa tatu anasikiliza na kuandika. Kila mpigaji alikuwa na namba 116 ya Childline Kenya, ambayo mtoto huipiga bila malipo saa yoyote, na jina la afisa wa watoto wa eneo letu.

Kulikuwa na tatizo la simu zenyewe. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, simu ni ya baba yake, na huondoka nayo alfajiri." Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ndipo tukaona kwamba baba na simu yake wote wako nyumbani baada ya Magharibi. Tukahamishia simu zote kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku. Tukampigia mzazi kwanza, tukamsalimu, tukamwuliza hali ya nyumbani, kisha tukaomba kuzungumza na kijana. Wazazi walizoea, na baadhi yao wakawa wanatupigia wenyewe tukichelewa.

Utaratibu huo wote tuliuandika kwenye kurasa mbili: nani anapiga, kwa laini ipi, saa ngapi, bila video, na taarifa ya hatari inapelekwa kwa nani na ndani ya muda gani. Hiyo ndiyo ikawa sera yetu ya ulinzi wa mtoto. Kila fomu ya ruzuku tuliyoijaza baada ya hapo ilikuwa inaiulizia, na tuliiambatanisha pamoja na vyeti.

Kutoa pesa benki kulitusumbua kuliko kuziomba. Akaunti ilihitaji saini mbili kati ya tatu. Mweka hazina alikuwa amekwenda Voi kumwangalia mama yake, na kuanzia tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kwa Mombasa hali hiyo ilidumu hadi tarehe 7 Julai. Mtia saini mwingine alikuwa anaugua na hakuweza kupanga foleni. Tulimweleza mfadhili bila kuficha, na akakubali sehemu ya pili ya ruzuku alipe yeye mwenyewe moja kwa moja kwa muuza sabuni na mwenye saiba (duka la intaneti) anayetuchapishia. Sisi tukatuma ankara, kisha picha za mizigo iliyopokelewa ikiwa na saini ya mpokeaji. Nashauri kila kikundi kiwe na mtia saini wa akiba anayeishi karibu, na barua yake ya benki ishughulikiwe wakati wa amani.

Kredo ya wapigaji tuliituma kwa M-Pesa. Katikati ya Machi Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 hakutatozwa ada, na nafuu hiyo iliendelea hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo tulituma kidogokidogo, kila mara chini ya kiwango hicho. Namba ya kila muamala iliandikwa daftarini mbele ya jina la aliyepokea, na daftari hilo ndilo lililokuwa risiti yetu.

Baada ya Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua wakati wa korona, kuingia awamu ya pili mwezi Julai, vijana wetu kadhaa wa kujitolea walijiunga. Shilingi 455 kwa siku si kitu cha kumkataza mtu ambaye nyumbani hakuna kipato. Tuliwapangia simu chache tu, na karibu wote walibaki nasi.

Desemba 2020 mashirika sita makubwa ya vijana duniani, yakiwemo Skauti, YMCA na YWCA, yalizindua Global Youth Mobilization pamoja na Shirika la Afya Duniani na United Nations Foundation, wakiwa na mfuko wa dola milioni 5 kwa miradi midogo ya vijana wenyewe. Tuliwaachia vijana wa umri wa juu waandike ombi lao, sisi tukasahihisha hesabu tu. Hawakuchaguliwa. Lakini ombi lile lilikuwa limekamilika, lina bajeti na ratiba, na tulipolipeleka kwa mfuko mwingine mdogo wa hapahapa nchini lilipita bila mabadiliko makubwa.

Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi shule tarehe 12 Oktoba 2020, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Wasichana wawili kwenye orodha yetu hawakurudi pamoja na wenzao kwa sababu walikuwa wajawazito. Tuliendelea kuwapigia. Tulitumia kilichobaki cha ruzuku kuwanunulia vitabu na kuwalipia nauli za kliniki, baada ya kuomba ruhusa kwa barua ileile ya safu mbili, na mmoja wao alirudi darasani kabla ya mwaka kwisha. Wa pili ameolewa Malindi, na bado tunaye kwenye orodha ya kupigiwa.