Kumbukumbu ya mradi: fyuzi yangu ya unywele wa shaba imekubali kukatika

Imekatika! Tena katikati kabisa, pale nilipotaka, ampea zikiwa hazijafika 3. Waya huu umenidharau vya kutosha.

Hesabu haikuwa na shida. Kanuni ya Preece, inayokadiria mkondo wa kuyeyusha waya: kipenyo kwa milimita, kipeo cha 1.5, zidisha kwa 80 kama ni shaba. Waya wa milimita 0.1 unatoa ampea 2.5. Nikabana sentimita moja kwenye tamino mbili za skrubu (vibanio vya kuungia waya), nikapandisha mkondo. 2.5, kimya. 3, kimya. 4, hata wekundu hakuna!

Nikashuku kipenyo, maana waya ukiwa 0.12 jibu linaruka hadi 3.3. Hapo kipimio cha vernia hakifai kitu, tumia maikromita, inayopima vipenyo vidogo zaidi. Ikasoma 0.1 ileile.

Kumbe mwizi ni tamino. Joto linazalishwa waya mzima, na mkondo ukiongezeka maradufu joto linakuwa mara nne, lakini shaba inalipitisha upesi na vile vipande vinene vya chuma vinalinyonya. Kwenye sentimita moja, hata katikati pako milimita 5 tu kutoka kwa mnyonyaji. Preece alihesabu waya mrefu, ambao ncha zake haziwezi kupoza katikati.

Nikatanua hadi sentimita sita. Karibu na tamino waya ulibaki mweusi. Katikati ukaanza wekundu hafifu, halafu ukazidi kung'aa wenyewe, mimi sijagusa kitu. Shaba ikipata moto ukinzani wake (jinsi inavyozuia mkondo) hupanda, na kwa mkondo uleule joto huongezeka, ukinzani unapanda tena, hivyo hivyo kuelekea nyuzi 1,085, ambako shaba huyeyuka. Pap! Kila ncha imebaki na kidonge kidogo cha shaba, mviringo safi.

Haya yote huyaoni bila paua sapulai (kifaa cha kutolea umeme) yenye kidhibiti cha mkondo. Kwa betri peke yake waya unalipuka kabla hujafumba jicho. Na klipu za mamba tupeni: meno yanagusa kwa nukta, yanapata moto yenyewe, kila jaribio linatoa jibu lake.

Kilichofuata kilikuwa kuchora grafu ya muda dhidi ya ampea. Imeahirishwa, kwa sababu nimenaswa na ujanja wa Metcalf wa kukata waya kwa joto dogo zaidi: tone la bati juu ya waya. Bati linayeyuka kwenye nyuzi 232, kisha linaanza kuila shaba iliyo chini yake. Nimeweka tone dogo kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Mkondo ambao waya mtupu uliuvumilia, huu ulikatikia penye tone, bila wekundu wowote, ingawa nilisubiri mpaka nikakaribia kuzima. Tone likizidi ukubwa linapoza waya, yaani nimejitengenezea tamino ya tatu. Kwa hiyo grafu ingoje, kwanza nipate ukubwa wa tone.